Radhi ya Kulala Mlimani

Siku mwanangu aliponiambia kwamba atalala mlimani nilikuwa na pini mdomoni, na nashukuru hadi leo kwamba sikuzimeza. Tulikuwa dukani kwangu, mtaa wa nyuma ya soko, hapa Bagamoyo. Nilikuwa nageuza ukosi wa kanzu ya bwana harusi, naye ametoka shule, mkoba bado uko mgongoni. Alinisalimia, nikamwitikia marahaba kwa pembe ya mdomo, kisha akasema klabu yao ya mazingira inakwenda Usambara, juu ya Lushoto, na usiku watalala katika kibanda cha mbao kilichopo ukingoni mwa msitu. Alisema "tutalala". Hakusema "tungependa kulala". Nikajua jambo limeshakatwa huko shuleni na mimi naletewa habari tu.

Nikatoa pini. Nikamuuliza huko mlimani kuna nini ambacho huku hakipo.

"Msitu," akasema. "Na baridi."

Alilitamka neno hilo kwa hamu, kama mtoto mwingine atamkavyo soda.

Asiyetujua angesema mimi ni baba mwenye gubu. Gubu ninalo, sikatai, lakini huyu binti ndiye mtoto pekee niliyejaaliwa, na ana seli mundu. Chembe za damu yake hujikunja, zikikwama njiani viungo vinamuuma maumivu ambayo mimi mzima nisingeyavumilia hata robo saa. Huanzishwa na kiu, na uchovu, na homa, lakini kila tukienda kliniki linalotajwa kwanza ni baridi. Sisi tumekaa pwani miaka yote hii, mahali ambapo baridi ni mgeni wa mwezi wa saba, anayefika alfajiri na kuondoka kabla watu hawajamaliza chai. Na hata mgeni huyo tumempokea kwa soksi na sweta na maji ya moto ya kuogea. Sasa mtoto anataka kuifuata baridi nyumbani kwake, tena akalale huko.

Mke wangu alikuwa mtulivu, jambo lililonikera. Alisema tukamuulize daktari. Nikakubali haraka, maana nilitumaini daktari atakataa kwa niaba yangu na mimi nibaki baba mwema. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, aliangalia vipimo vya mwanangu, akauliza kibanda chenyewe kiko juu kiasi gani, akasema huko si juu kwa kiasi cha kumkataza. Aende. Apande polepole, asibebe mzigo, anywe maji kila mara hata kama hana kiu, na asipoe. Mwanangu alitoka mle chumbani akitembea mbele yetu, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Basi nikaanza kupanga. Watu hudhani mwoga hukataa tu, akajifunika shuka. Mwoga wa kweli hupanga, na mimi nilipanga mpaka nikakonda.

Namba ya mama anayetunza kile kibanda nilipewa na mwalimu wao, kijana mpole, ambaye nadhani aliitoa ili nimpumzishe yeye. Nikampigia yule mama asubuhi, nikamsalimia kwa kituo kama tunavyosalimiana huku, za nyumbani, za watoto, za mvua, naye akajibu kila salamu kwa neno moja.

"Dada yangu," nikasema, "hicho kibanda kina mlango?"

"Mlango upo, baba."

"Unafunga mpaka chini, au unaacha uwazi?"

"Ngoja nikautazame." Nikasikia kuku, na hatua zake, na bawaba. "Unaacha uwazi wa kidole."

"Kidole gani?"

"Gumba," akasema, bila kucheka.

Kesho yake nilipompigia aliniwahi. Alisema uwazi ameuziba kwa gunia, leo nauliza nini. Nikauliza blanketi, nikauliza meko, nikauliza moshi wa meko unatokea wapi, nikauliza maji ya kunywa yanachemshwa na nani. Nikauliza mtu akiugua usiku anashukaje hadi hospitali. Akasema pikipiki ya mwanawe hufika mpaka mlangoni. Nikauliza breki. Hapo ndipo na yeye akauliza swali lake la kwanza.

"Huyo mtoto anaumwa?"

Nikamweleza. Si jambo ninalolisema kwa watu, maana watu wakishasikia humtazama mtoto kwa jicho la mazishi. Yule mama alisikiliza, akasema kitanda cha karibu na meko kitakuwa cha mwanangu na wengine wapange wanavyotaka. Nikamshukuru, na nilipokata simu nikajiona nimeudhika. Kila swali alilonijibu vizuri lilikuwa linanipunguzia sababu ya kukataa.

Likabaki koti. Sweta za kwetu ni za mapambo, na makoti ya mtumba niliyoyaona sokoni yalikuwa yamechoka zipu. Mimi ni fundi, na fundi hamnunulii mwanawe nguo ya kazi ya mtu mwingine. Lakini maisha yangu yote nimeshona kanzu, na kanzu ni nguo ya kupitisha upepo. Ustadi wangu wote uko hapo, katika kuiacha hewa iingie chini na kutokea shingoni. Sasa nilitaka nguo ya kufungia upepo nje, na mikono yangu haikuwa na habari nayo. Nilichukua blanketi nikaliweka ndani. Nje nikaweka kitambaa cha mwavuli, cheusi, ili mvua isipite. Katikati, kwa kuwa nilikuwa naogopa, nikaongeza sponji. Nikashona na kofia, na kola ndefu ya kufunika kidevu. Lilipokamilika liliweza kusimama peke yake juu ya meza.

Baba yangu, marehemu, ndiye aliyenifundisha kwamba nguo haipimwi kwa futi tu. Unamvalisha mwenyewe, unamwambia aende zake. Atembee, akae, ainame, arudi, ndipo utajua bega limekaa wapi. Wateja wangu wote huenda hadi msikitini na kurudi na kanzu yenye uzi mweupe wa bandi, ule wa kushikizia kwa muda, na hakuna anayewashangaa. Ndivyo tunavyofanya kazi. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, baada ya swala na chakula, nilimvalisha mwanangu koti, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikamwambia aende hadi forodhani, arudi kwa njia ya sokoni.

Ilikuwa kaskazi kweli, siku ambazo hata mbwa hawavuki barabara. Lakini mimi sikuwa naliona jua. Nilikuwa naona kibanda na ule uwazi wa kidole.

Alikwenda akicheka. Nasikia watu wa barazani walimuuliza kama anahamia Ulaya, naye akawapungia mkono. Aliporudi alisema bega la kushoto linavuta. Akakaa kwenye benchi. Uso wote ulikuwa jasho, na nilipomfungua zipu gauni lake lilikuwa limelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Nikamwambia bega nitalilegeza. Hakujibu.

Watoto wengine wakiumwa hulia. Wangu hunyamaza. Ukimya wake naujua, nimeishi nao tangu hajaanza kutembea. Nikageuka nikaona ameshika mguu chini ya goti, anautazama ukuta.

Nilimfikisha nyumbani kwa bajaji. Mama yake alikuwa ameshajua kabla sijafungua mdomo, akaanza kazi: maji, dawa yake ya maumivu, kitambaa cha uvuguvugu, maji tena. Tulimpigia simu muuguzi wa kliniki, akasema aendelee kunywa na homa ikipanda tumlete papo hapo. Mimi niliutazama mdomo wake kila alipomeza. Nilitoka zaidi ya mara moja kwenda kuita bajaji ya hospitali, na kila mara alinizuia kwa kidole kimoja, bila kuinua kichwa. Homa haikupanda. Kesho yake alasiri aliomba muhogo wa kukaanga, tukajua umepita.

"Safari imekwisha," nikamwambia akiwa na muhogo mkononi. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona," akasema. "Baba, sikuumwa na baridi. Nimeumwa na koti."

Mama yake aligeukia ukutani. Nilijua anacheka, na nikakasirika, hasira yangu ile ambayo sina pa kuipeleka isipokuwa dukani. Nikalichukua koti, nikaenda kulifumua. Nilikata mshono baada ya mshono nikiapa kimoyomoyo kwamba haendi popote. Nikatoa sponji yote. Nikapunguza kola. Nikaweka matundu ya kupumulia makwapani, kazi ya kanzu hiyo, ninayoiweza. Ilipoadhiniwa magharibi nilikuwa nashona upya, koti jepesi, na bado naapa kwamba haendi. Mkono wangu ulikuwa umeshakubali jambo ambalo mimi nalikataa, na nilichukia kuuona.

Sasa niseme juu ya radhi, maana ndipo nilipojificha. Kwetu mtoto halali nje ya nyumba ya wazazi wake bila radhi yao, na radhi hiyo hutamkwa. Si kutikisa kichwa, wala si sahihi ya kalamu. Anayesafiri huja, hupiga magoti au huinama, husema "nipe radhi", na mzazi humjibu kwa ulimi wake kwamba ameridhia. Mama yake alimpa tangu Jumatano. Shangazi alimpa kwa simu. Mimi nilikuwa nimetia sahihi shuleni, nimetoa nauli, nimelegeza bega, lakini alipokuja kuinama mbele yangu nilikumbuka nimeacha pasi ya mkaa dukani. Siku iliyofuata nikawahi msikitini kabla ya adhana, jambo lililomshangaza hata muadhini.

"Unamkimbia mtoto," mke wangu aliniambia.

"Nina kazi nyingi."

"Mwambie ndiyo au mwambie hapana. Usimwache anafunga begi na kulifungua."

Ni kweli alikuwa akilifunga na kulifungua. Nilimsikia chumbani, zipu inakwenda na kurudi. Angeweza kwenda bila neno langu. Mwalimu asingeuliza, na wenzake wengi hata hawajui mambo hayo. Lakini yeye asingekwenda, nami nilijua kwamba asingekwenda, na kwa aibu nasema kwamba nilitegemea hilo.

Mwisho nikapata mpango ambao sikumwambia mtu. Nilimwomba mwalimu nafasi kwenye kosta waliyokodi, anifikishe Msata tu, kwamba kuna mtu pale ana cherehani ya kuuza nikaitazame. Mwalimu akakubali. Mke wangu akanitazama kwa muda, akasema haya.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikaa nyuma, begi dogo mapajani, nikiihesabu chupa ya maji ya mwanangu kwa macho, imeshuka, haijashuka. Alikuwa amekaa mbele karibu na dirisha, koti limekunjwa kando yake. Alikunywa bila kuambiwa. Kila alipokunywa nilimeza mate.

Msata ni njia panda. Barabara yetu inaishia pale kwenye ile kubwa, mabasi na malori yanapita kwenda kaskazini au kushuka Lugoba na Chalinze, na wauza mahindi wanakimbilia madirishani. Kosta ilisimama watoto wanyooshe miguu. Nikashuka na begi langu, nikaaga kwa ujumla, safari njema, Mungu awalinde. Mwanangu akanifuata mpaka nyuma ya kibanda cha chipsi, mahali ambapo wenzake hawatuoni. Akainama.

"Baba, nipe radhi."

"Mungu akutangulie, mwanangu. Akurudishe salama."

"Hiyo ni dua. Naomba radhi."

Lori likapita, nikalisubiri lipite. Likapita jingine. Hakuinuka.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Nilimwambia kwamba nikishasema nimeridhia, na usiku ule mguu ukaanza, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka. Nisiposema, safari ni ya shule, ni ya mwalimu, ni ya daktari mwenye miwani. Nikisema ni yangu. Nilimwambia naogopa, na kwamba nimeogopa tangu siku ile nilipoonyeshwa majibu ya damu yake kwenye karatasi akiwa mchanga, na sijui namna ya kuacha.

Alinisikiliza akiwa vile vile ameinama.

"Usiposema," akasema, "nikiumwa nitaumwa huku najua baba yangu hakuridhia. Nitakuwa na maumivu mawili."

Nilimwekea mkono kichwani. Nikasema nimemridhia, hapa duniani na kesho akhera, aende na arudi na radhi yangu yote. Maneno yalitoka makavu, lakini yalitoka. Akainuka, akaubusu mkono wangu. Nikadhani tumemaliza.

"Sasa fungua begi," akasema.

"La nini?"

"Fungua tu, baba."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na mswaki, na msuli wangu wa kulalia, umekunjwa vizuri.

"Mtu hachukui msuli kwenda kutazama cherehani," akasema.

Nilikuwa nimeshaulizia gesti, ile nyuma ya kituo cha mafuta. Nilitaka kulala pale pale Msata, simu mkononi, na nikiitwa nidandie basi lolote linalokwenda kaskazini.

"Nilitaka niwe karibu."

"Msata si karibu na Lushoto."

"Ni karibu kuliko Bagamoyo."

Alitaka kucheka, nikamwona anajizuia. Kisha akawa na uso wa mama yake. "Radhi ya mtu aliyekaa njiani kunisubiri ni nusu," akasema. "Nataka nzima. Rudi nyumbani, baba. Ulale kitandani kwako." Dereva akapiga honi. Mwanangu akaenda akitembea, hakukimbia, kama alivyoagizwa na daktari, akapanda, na kosta ikaingia barabara kubwa. Dirishani aliniinulia chupa ya maji.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikwenda hata kuitazama ile gesti, nikaona vitasa vyake, nikarudi kituoni. Nilinunua hindi la kuchoma nikashindwa kulila. Gari la Bagamoyo lilipojaa nikaingia, na njia nzima nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa anasinzia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameandaa sahani moja ya wali. Aliponiona akainuka akaleta ya pili.

"Nilijua unalala Msata," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimefua nguo zako miaka yote hii. Msuli nautafuta kambani siuoni."

Tulikula. Simu ilikuwa kati yetu juu ya mkeka, na kila ilipowaka kwa ujumbe wa kundi la wazazi mkono wangu uliruka. Kwenye adhana ya magharibi ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Miguu?"

"Uko wapi?"

"Nimekuuliza miguu."

"Na mimi nimekuuliza uko wapi."

"Nyumbani."

"Nipe mama."

Nikampa mama yake simu. Akasikiliza, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa utaratibu, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuilipia.

"Ndiyo, yupo," akasema. "Kavaa msuli."

Kisha akanirudishia simu. Nikamuuliza tena miguu, akasema haiumi. Baridi ipo, amevaa koti, bega halivuti. Anakunywa maji mpaka amechoka kwenda chooni. Mama wa kibanda amewaonyesha wote gunia la mlangoni na kuwaambia hilo limewekwa kwa sababu ya babu mmoja wa Bagamoyo. Nikasema mimi si babu. Nilimsikia akicheka huko juu, na nyuma yake wenzake wakicheka, halafu mtandao ukakatika. Niliitazama simu. Mke wangu naye aliitazama, kisha akanitazama mimi.

Sikumpigia tena.